Kilo mbili kifuani: kisa cha mwalimu wa Tanga aliyepunguzwa matiti

Madaftari yalikuwa matatu, yamefungwa pamoja kwa kipande cha utepe. Mwalimu aliyaweka juu ya meza yangu, akavuta kiti, na kabla hatujamaliza kusalimiana akaegemeza kifua chake ukingoni mwa meza kama mtu anayetua ndoo. Alipogundua kwamba nimeona akajiinua upesi, akaomba radhi. Nikamwambia, "Mwalimu, tua tu."

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya upasuaji, Dar es Salaam. Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake na kwa masharti aliyoyaweka mwenyewe: jina lisitajwe, shule isitajwe, na nisipunguze neno kwa kumstahi mtu yeyote, hata mimi. Sharti hilo la tatu lina mahali pake huko mbele.

Alikuwa na miaka 38, mwenyeji wa Tanga mjini, mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili. Siku ile ya kwanza alikuwa na urefu wa sentimita 160 na uzito wa kilo 89. Hakuwa na kisukari wala presha, na hajavuta sigara maishani mwake. Alikuwa ameletwa na barua ya rufaa yenye mistari minne, lakini habari yenyewe ilikuwa ndani ya yale madaftari.

Niliyasoma mchana, foleni ilipopungua. Kuanzia mwaka 2012 hadi mwanzoni mwa 2023 mwalimu alikuwa ameonwa mara 31 katika zahanati na hospitali mbalimbali. Maumivu ya mgongo. Maumivu ya shingo. Kichwa kuuma kwa nyuma. Ganzi ya vidole viwili vya mwisho, mkono wa kulia. Diklofenaki za vidonge, diklofenaki ya kupaka, diklofenaki ya sindano, kisha dawa za tumbo kwa sababu zile za maumivu zilikuwa zimeanza kulichoma. Eksirei ya mgongo mara mbili, zote hazina neno. Krimu ya fangasi mara tisa. Nilipekua ukurasa kwa ukurasa nikitafuta neno moja, nikalikuta mara moja tu, mwaka 2017: "upele chini ya matiti yote mawili", na mbele yake jina la krimu.

Miaka kumi na moja, na mara moja tu ndipo mtu aliandika "matiti". Hata hapo alikuwa anaandika habari za ngozi.

Nilimuuliza kama aliwahi kulisema yeye. Akanitazama kwa muda. "Nilisema mgongo, sista. Ningemwambiaje daktari kijana kama mwanangu kwamba maziwa yangu ni mazito? Angenionaje?" Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba mara moja alikaribia kusema, daktari akawa anaandika huku ameinamisha kichwa, akaona aibu akaghairi.

Tulipoingia chumba cha ndani kumpima, kwanza alivua sidiria mbili, moja juu ya nyingine. Hakuna saizi yake madukani, akanieleza, na kwenye mitumba ukiipata yenye kikombe kikubwa basi mkanda wa mgongoni umeshalegea. Kwa hiyo fundi wa cherehani mmoja wa Ngamiani alikuwa akimuunganishia mbili kuwa moja na kubadilisha mikanda ya mabegani, akiweka ule utepe mgumu wa mabegi ya shule. Utepe ule ulikuwa umechimba mtaro kila bega. Niliweka kidole cha shahada juu ya bega la kulia, kikazama hadi usawa wa ukucha. Ngozi ndani ya mtaro ilikuwa nyeusi na ngumu kama kisigino. Chini ya matiti, kwenye mkunjo, alikuwa amepachika vipande vya kanga kuukuu vilivyokunjwa mara nne. Hubadilisha mara tatu kwa siku, mara mbili kati ya hizo akiwa shuleni, kwenye choo cha walimu. Vilikuwa vimelowa, na chini yake ngozi ilikuwa imechubuka, nyekundu, yenye harufu aliyokuwa akiiomba radhi hata kabla sijaisikia.

Ukiwa umesimama mbele ya mwili huo, kila mstari wa yale madaftari unajieleza. Mzigo ukining'inia mbele, misuli ya nyuma ya shingo na ya mabega huvuta tangu unapoamka hadi unapolala ili usianguke nao. Mabega huja mbele, mgongo wa juu hujikunja. Mkanda wa sidiria hukandamiza pale juu ya bega karibu na njia ya mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi, na kidole cha pete na cha mwisho huanza kufa ganzi. Mwalimu alikuwa akidondosha chaki. Mkunjo wa chini haupati hewa, na joto la Tanga mnalijua, kwa hiyo fangasi huponywa leo na kurudi wiki ijayo, kwa sababu unyevunyevu uliouleta haujaondoka. Magonjwa yale yote ya kwenye daftari yalikuwa ugonjwa mmoja.

Aliyeligundua si daktari. Ni binti mmoja wa fiziotherapia huko Tanga, mwajiriwa mpya, ambaye mwalimu alipelekwa kwake kwa mara ya tatu kufanya mazoezi ya mgongo. Binti alimwomba asimame, akapita nyuma yake, akachukua kanga ya mwalimu mwenyewe, akaipitisha chini ya matiti juu ya nguo na kuyanyanyua taratibu kutoka nyuma, kama unavyombeba mtoto kwa mbeleko. Kisha akauliza, "Sasa mgongo unasemaje, mama?" Mwalimu aliniambia kwamba hakumjibu. Alilia. Shingo ilikuwa nyepesi kwa mara ya kwanza tangu amwachishe ziwa mwanawe wa pili. Binti alishikilia vile labda dakika mbili, mpaka mikono yake ikatetemeka, akasema, "Mimi nimechoka kwa dakika mbili. Wewe je?" Ndiyo iliyokuwa rufaa. Nimeanza kukitumia kipimo kile cha kanga kliniki kwetu, na nawaomba wauguzi na madaktari wanaosoma hapa wakijaribu: hakigharimu chochote.

Daktari bingwa wetu wa upasuaji rekebishi alimpima. Kutoka kishimo cha koo hadi chuchu ilikuwa sentimita 36 upande wa kulia na 34 kushoto. Kwa mwanamke mzima ambaye matiti yake hayajashuka, kipimo hicho huwa kama 20 hivi. Alimfanyia ultrasaundi ya matiti, ikawa salama. Alimwambia mambo mawili ambayo mwalimu hakuyapenda: apunguze uzito kwanza, na asitarajie kwamba kupungua huko kutayapunguza matiti. Ilikuwa hivyo hivyo. Miezi saba baadaye alikuwa na kilo 82, uso umepungua, kiuno kimepungua, na matiti karibu yako vilevile. Kupunguza uzito kulikuwa kwa ajili ya kidonda na nusu kaputi, maana mwili mnene hupona kwa tabu zaidi. Nalisema hili kwa sababu wanawake wengi hurudishwa nyumbani na neno "punguza mwili" kama vile ndiyo tiba yenyewe, wakahangaika miaka mitatu, wakarudi wamekonda na maumivu yaleyale.

Inafaa pia kueleza tofauti kati ya kupunguza na kuinua, kwani watu huyachanganya. Kuinua peke yake ni kuondoa ngozi iliyozidi, kulikaza titi na kuipandisha chuchu mahali pake, lakini uzito unabaki karibu uleule. Kupunguza ni kuondoa nyama, mafuta na ngozi, na ndani yake kuinua kumo, kwa sababu huwezi kuondoa kilo moja ukaiacha chuchu kitovuni. Mwalimu alihitaji yote mawili katika operesheni moja.

Bima yake haikuiona tofauti hiyo. Mfuko ulijibu kwa mstari mmoja kwamba upasuaji wa urembo haulipiwi. Mwalimu alipokea jibu hilo kama aliyetuhumiwa jambo la aibu. Alitaka kuacha. Nilikasirika, na hasira ile nadhani ilikuwa na faida, maana tulikaa jioni mbili kuandaa rufaa: nakala za kurasa za yale madaftari zenye tarehe zote 31, ripoti ya fiziotherapia, picha za mabega na za mkunjo bila uso, na barua ya daktari yenye hesabu. Mwaka 1991 daktari wa Marekani, Paul Schnur, alikusanya majibu ya madaktari wenzake kuhusu wanawake waliowapunguza matiti, akatengeneza jedwali linalolinganisha eneo la ngozi ya mwili na uzito wa nyama iliyoondolewa. Bima za huko zililigeuza jedwali hilo kuwa mlango: ukipita uzito fulani ni tiba, usipopita ni urembo. Kwa mwili wa mwalimu, wa takriban mita za mraba 1.9, mpaka ulikuwa gramu 500 na kitu kwa kila titi. Daktari alikadiria kutoa zaidi ya 900.

Jedwali lilitusaidia, lakini sitalisifu. Mizani haipimi maumivu. Mwanamke anaweza kuteseka kwa gramu zisizofika mpaka wa mwili wake, na mlango huo asiupite kamwe. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliwafuatilia wanawake wenye tatizo hili, ukaona kwamba sidiria maalumu, mazoezi na dawa havikuwapa nafuu ya kudumu, na upasuaji uliwapa. Jambo hilo ndilo lililopaswa kuangaliwa. Bima ilikubali baada ya miezi minne.

Wakati tunasubiri, nyumbani kwa mwalimu kulikuwa na maswali ya aina nyingine. Mume alimuunga mkono, ila aliuliza kwa upole, "Na tukijaliwa wa tatu, atanyonya wapi?" Daktari aliwajibu wote wawili pamoja, waziwazi. Katika operesheni hii chuchu haikatwi ikatengwa. Huachwa imeshikamana na ukanda wa nyama yenye mishipa ya damu, ya fahamu na mirija ya maziwa. Sisi kliniki tunaita kikonyo, kama cha embe: tunda limesogezwa, kikonyo hakikukatwa. Wanawake wengi waliofanyiwa hivyo hunyonyesha, baadhi maziwa hayatoshi, na wengine hawapati kabisa. Hakuna daktari anayeweza kuahidi. Kwa matiti makubwa kupita kiasi kuna njia nyingine ya kuing'oa chuchu na kuipandikiza kama kipande cha ngozi, na hapo kunyonyesha ndiyo basi. Mume akasema, "Basi tuombe kikonyo kishike." Tangu siku ile naye akawa anatumia neno hilo.

Mwalimu mwenyewe alikuwa na swali zito zaidi: kubadili maumbile aliyoumbwa nayo. Alimwendea shehe wa msikiti wao, akiwa na mumewe. Shehe hakumuuliza habari za umbo. Aliuliza, "Unaumwa au unajipamba?" Akasema anaumwa. Shehe akamkumbusha hadithi ya Mtume kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana, na kwamba kuondoa madhara mwilini ni tiba, na tiba imeamrishwa. Mwalimu alirudi Dar na amani ambayo sisi kwa karatasi zetu zote hatukuwa tumempa.

Ila mtu mmoja hakuambiwa kitu. Mama mkwe, ambaye anaishi nao nyumba moja, aliambiwa kwamba mkaza mwana anakwenda kufanyiwa "operesheni ndogo ya uvimbe". Dada zake mwalimu waliambiwa hivyohivyo. Nililijua hilo na nikaliona ni jambo lao la ndani.

Operesheni ilifanyika Desemba 2023, shule zikiwa likizo. Asubuhi ile daktari alimchora akiwa ameketi wima, kabla ya nusu kaputi, kwa sababu mtu akilala matiti hukimbilia ubavuni na vipimo vyote hudanganya. Aliweka kidole kwenye mkunjo wa chini na kukipeleka usawa wake mbele, hapo ndipo chuchu mpya itakapokaa. Kisha akachora umbo linalotokana na kazi ya Robert Wise wa Marekani aliyelitangaza mwaka 1956 kwa kuchunguza jinsi sidiria zinavyokatwa kwenye kitambaa: duara kuzunguka chuchu, mstari unaoshuka, na mstari uliopinda kando ya mkunjo. Mwalimu alijitazama kwenye kioo. "Hii nanga," akasema. Mtoto wa pwani hakukosea. Hata madaktari kwa lugha zao huliita kovu la nanga.

Ilichukua saa tatu na nusu. Dawa ya kuzuia maambukizi kabla ya kisu, soksi za kubana miguuni ili damu isigande, mirija miwili ya kutoa majimaji. Kulia zilitoka gramu 1,080, kushoto 930. Nilikuwa kwenye mizani. Kila bakuli lilipowekwa, namba iliposimama, tulinyamaza wote kidogo. Pakiti mbili za sukari, za kilo moja moja. Nyama yote ilipelekwa maabara ya patholojia, kama inavyotakiwa kwa kila titi linalokatwa hata kama halina dalili, na majibu yalirudi salama.

Alipoamka vizuri jioni alilalamika kwamba kifua kinawaka. Nikampa dawa. Baada ya kimya kirefu akasema, "Sista, shingo imenyamaza."

Alitoka siku ya tano. Na hapa ndipo linapokuja lile sharti la tatu.

Nilimpa maelekezo ya kwenda nayo nyumbani koridoni, wodi ikiwa imejaa. Mdogo wake wa kiume alikuwa amekuja kumchukua, kasimama hatua tatu kutoka kwetu. Kwa ajili ya yule kijana nilipunguza sauti, na nikapunguza na maneno. Nilisema asibebe kitu kizito wiki sita. Sikusema "kizito" ni kiasi gani. Sikuuliza nani atachota maji nyumbani, nani atafua, nani anajua kilichofanyika. Nilimwonea haya mwanamke niliyekuwa nimemsikia akieleza jinsi haya ilivyomgharimu miaka kumi na moja.

Basi la Tanga alilipanda na mto mdogo kati ya mkanda wa kiti na kifua, matuta ya barabarani yote hadi Segera na kuendelea. Alifika salama. Wiki ya kwanza alipumzika. Mama mkwe aliona mgonjwa wa "uvimbe mdogo" anatembea, anakula, rangi imerudi. Siku ya kumi na mbili maji ya bomba yalikatika. Mama akachota kisimani kwa jirani, na mwalimu, ambaye ni mkaza mwana na hana sababu yoyote anayoweza kuitaja ya kumtazama mkwewe akibeba, akainuka, akachukua ndoo ya lita ishirini. Aliniambia alihisi kama uzi umekatika. Akaingia ndani, akafunga mlango, akabadilisha kitambaa, hakusema.

Siku ya kumi na nne alipokuja kliniki, pale ambapo mstari unaoshuka unakutana na mstari wa chini, titi la kulia, kidonda kilikuwa kimeachia. Sentimita tatu kwa mbili, na ndani unjano. Mahali hapo ndipo penye udhaifu katika operesheni hii: ncha tatu za ngozi zinakutana, damu inafika kwa shida, na mvutano wote unaishia hapo. Mara nyingi panaachia hata kwa mtu aliyelala kitandani wiki mbili. Kwa hiyo siwezi kusema ndoo ndiyo iliyofanya yote. Lakini naijua sehemu yangu.

Aliogopa kwamba titi litaoza, na chuchu itakufa. Haikuwa hivyo, chuchu ilikuwa na joto, ukiibonyeza damu inarudi. Kikonyo kilikuwa kimeshika. Tulisafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali, tukaweka shashi, na kumfundisha muuguzi wa zahanati ya karibu na kwake namna ya kuendelea. Halafu nikamwambia jambo ambalo lilipaswa kusemwa kabla ya kisu: kidonda hiki kinahitaji wiki nyingi, na hakitapona ndani ya nyumba ambayo haijui kipo. Alibaki kimya. Nikamwuliza kama ningempigia mama mkwe mimi. Akakubali kwa kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

Nilijitambulisha, nikasema yote. Nilitumia neno matiti, nikataja gramu. Upande wa pili kulikuwa kimya hata nikadhani simu imekatika. Kisha mama akasema, "Mimi nimempa ndoo." Akarudia, "Mwanangu, mimi nimempa ndoo, na alikuwa na kidonda kifuani." Hakuuliza habari za urembo wala za maumbile. Aliuliza kwa nini hakuambiwa. Sikuwa na jibu zuri.

Kuanzia siku ile mama ndiye aliyekuwa akimsindikiza zahanati, na ndiye aliyekuwa akimkemea akinyanyua sufuria. Kidonda kilifunga wiki ya nane kwa kujikusanya chenyewe bila kushonwa tena. Pale kilipofunga, kovu ni pana kuliko upande wa pili, na linavutia ndani kidogo.

Ya baadaye nayaeleza jinsi nilivyoyaona kwenye ukaguzi wa miezi mitatu, sita na mwaka. Maumivu ya shingo yaliisha karibu palepale. Mgongo ulichukua muda, kwa sababu misuli iliyozoea kuvuta miaka kumi na moja haijui kuacha. Binti yule wa fiziotherapia alifanya naye kazi miezi minne. Ganzi ya vidole ilikwisha mwezi wa pili. Fangasi haijarudi. Vidonge vya maumivu hajavimeza tangu mwezi wa kwanza baada ya operesheni, na tumbo limetulia. Vipande vya kanga alivichoma moto nyuma ya nyumba.

Na yapo yasiyo mazuri. Chuchu ya kulia haina hisia, na huenda isirudi kamwe. Alijua kabla kwamba inaweza kutokea, lakini kujua na kuligusa titi lako usilihisi ni vitu viwili. Tulizungumza kuhusu hilo mara mbili, mara ya pili akiwa na mumewe. Matiti hayalingani kabisa. La kushoto limekaa juu kidogo. Makovu yalivimba na kuwasha kuanzia mwezi wa tatu, jambo ambalo sisi wenye ngozi nyeusi tunalijua, na ndiyo maana daktari alikuwa amekagua kovu lake la chanjo begani na matundu ya hereni kabla ya kumkubalia. Hayakuwa keloidi, yaani kovu linaloota na kuvuka mipaka ya jeraha. Kwa shiti za silikoni na kukanda kila usiku yalilala polepole, isipokuwa lile la kidonda. Shiti zile ni ghali, na bima haikuzilipia.

Watu huniuliza kama naweza kumpendekezea kila mwanamke mwenye matiti makubwa. Hapana. Wapo wenye makubwa wasiosumbuka na wanaoyapenda, na hakuna mtu mwenye haki ya kuwagusa kwa maneno wala kwa kisu. Ila anayeumia asiambiwe anataka urembo. Simona Halep wa Romania alipunguzwa matiti mwaka 2009, akiwa bado kijana kwenye tenisi, akisema wazi kwamba uzito ulimzuia uwanjani na kwamba angefanya hivyo hata kama asingekuwa mwanamichezo. Mwaka 2018 alibeba ubingwa wa Ufaransa na 2019 wa Wimbledon. Sidhani kisu ndicho kilichompa ubingwa. Miaka tisa ya kazi iko katikati. Ninachompendea ni kwamba alilisema.

Mwalimu aliacha netiboli chuo cha ualimu, akiwa na miaka 21. Hajairudia, na hadhani atairudia. Anachokifanya sasa ni kuandika ubaoni hadi mstari wa juu kabisa, pale alipokuwa akimwachia kiranja mrefu aandike. Alinionyesha namna anavyofanya, kliniki, kwa kuunyoosha mkono wa kulia ukutani juu ya swichi ya taa. Nikamwomba ashushe gauni begani nione ule mtaro. Upo bado. Niliweka kidole palepale, kikazama nusu ya mwanzo. Ngozi imelainika.

Safari hiyo ya mwaka mmoja mama mkwe alikuja naye. Alikaa kimya mpaka nilipomaliza, kisha akasogeza kiti na kunishika mkono. Jirani yao ana binti wa miaka 16, akaniambia, anatembea ameinama, hataki tena kwenda shule, na mama yake anamwambia avae dera kubwa. "Sista, tumlete?"

Nikamwambia kwa umri ule daktari huenda akataka kusubiri mpaka matiti yaache kukua, mwaka mzima au miwili bila kubadilika, ila hilo halimzuii kuonwa na kusaidiwa sasa. Aje na mama yake. Na kama ana daftari la zahanati, alibebe.

"Analo," mama akasema. "Limeandikwa mgongo."